Kitabu cha Mashine Iliyong'olewa

Singida, Jumanne usiku

Mzee Saidi amekuja tena maktabani leo. Tangu kiwanda cha mafuta ya alizeti kiuzwe na mashine zing'olewe, fundi huyu huja kusoma kitabu cha mashine yake.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Hivi kwa nini ulichagua kutunza vitabu vya ufundi?"

Nikamwambia ukweli. Niliacha uuguzi kwa kuogopa maiti, na humu niliona hakuna cha kufa.

Hakucheka. Aliniomba niweke kiganja juu ya ukurasa wenye mchoro wa mashine yake.

"Tulia. Nimeiwasha."

Meza ikatetemeka. Nje hapakupita gari lolote.

Bado naogopa. Nilitaka kukimbia, lakini mzee alikuwa analia, nikauacha mkono palepale mpaka alipoizima mwenyewe.