Jioni ya Mmoja Mmoja

Mama yangu,

Shikamoo. Kwanza nakuulizia goti. Ile dawa ya kuchua niliyompa dereva akuletee ilifika, au amejipaka yeye? Na paa la jikoni, fundi amekuja au bado anakulisha ahadi? Mimi ni mzima, kwa maana ya kupumua. Nakula, nalala kidogo. Kwa mwanao mdogo nitafika, usiniharakishe, maana nikianza na yeye sitamaliza salamu.

Najua ameshakupigia simu kutoka kitandani. Amekuambia alikwenda kwa wema kumsikiliza mkewe akiimba, mzee mlevi mpiga filimbi akamvamia na kumvunja mkono. Katika maneno hayo yote, Mama, la kweli ni mkono tu. Yaliyobaki nakuandikia mwenyewe. Vaa miwani usome peke yako, usimpe jirani akusomee.

Kazi yangu ya jioni unaijua. Nakaa nyuma ya meza ya mitambo katika ule ukumbi ulio nyuma ya duka la rangi, naunganisha vipaza sauti, napandisha hiki, nashusha kile. Ndiyo maana hata wewe siku hizi unaniita Waya. Ukumbi wenyewe ni chumba tu, viti vya plastiki, jukwaa la mbao lisilofika hata gotini, na harufu ya rangi ambayo haijawahi kutoka. Kila mwezi huwa kuna Jioni ya Mmoja Mmoja. Mtu anapanda peke yake na ala yake, bila bendi, bila wa kumwitikia. Sheria ni moja: anayepiga haingiliwi. Humpigii makofi, husogezi kiti, hukohoi ukiweza, mpaka mwenyewe aiweke ala yake chini sakafuni. Ikigusa sakafu, hapo ndipo ukumbi unalipuka.

Jumamosi alianza mwashi anayepiga ngoma kwa viwiko. Akafuata muuguzi mmoja mwenye kinanda kidogo. Huyo alikuwa amempanga mumewe akae katikati ya watu. Wimbo ulipofika katikati, mume akainuka, akamwendea jukwaani akifoka kwamba chakula hakijapikwa. Kumbe ni mchezo wao! Watu walicheka mpaka machozi. Nakuomba ulikumbuke hilo, maana ndilo lililotuponza.

Kisha akapanda mkweo, Chiriku wetu, na gitaa lake. Wewe uliambiwa amehamia kwa rafiki yake ili awe karibu na kiwanda cha kushona. Alihama kwa sababu mwanao alimng'oa jino kwa koleo la kuchomelea vyuma. Kabla ya hapo zilikuwa mbavu, na kabla ya mbavu lilikuwa sikio, ambalo mpaka leo halisikii vizuri, ndiyo maana huinamisha kichwa anapoimba. Kila mara uliambiwa ameteleza bafuni. Bafu gani hilo, Mama, linaloteleza kila mwisho wa wiki?

Basi akaimba juu ya hilo bafu. Sakafu kavu, anasema, kandambili mpya, na bado mwanamke anaanguka. Ubeti wa kwanza watu wakacheka. Wa pili wakanyamaza. Mimi nilikuwa nimeinamia vitufe vyangu, sikujua kwamba mdogo wangu amekaa safu ya tatu na nguo zake za kazi, na lile koleo limo mfukoni.

Aliinuka taratibu. Alimwendea akifoka kwamba anamwaibisha mbele za watu. Na ukumbi mzima, Mama, ukatabasamu. Walidhani ni ule mchezo tena. Alimpiga ngumi ya mdomo, kichwa kikarudi nyuma, sauti ikakatika. Na mimi, sijui nikuambieje, mkono wangu ulipandisha sauti. Ni mazoea ya kazi. Sauti ya mwimbaji ikishuka, mkono unapandisha wenyewe kabla akili haijafika. Pigo la pili likasikika kwenye spika zote nne, mfupa na nyama, na pumzi yake ikitafuta njia kwenye damu. Hakuna aliyesogeza kiti. Ndiyo sheria.

Akamnyang'anya gitaa, akampiga nalo begani, kisha akalibamiza sakafuni likapasuka.

Wakapiga makofi. Ala imegusa sakafu, wakapiga makofi! Wengine walisimama, wengine wakapiga mbinja. Mwanao alisimama katikati ya kelele zile akatazama huku na huku, nikaona sifa zimempanda kichwani. Akatoa koleo, akamshika Chiriku nywele, akamlaza kichwa juu ya ubao, akawa anataka kufungua kinywa chake. Alisema atatoa yaliyobaki, aone ataimba na nini. Hilo nalo lilitoka kwenye spika, na hapo ndipo makofi yalipokufa.

Mtu mmoja aliruka, taa ya jukwaani ikaanguka, giza. Ilisikika sauti ya chuma mara tatu. Taa ya mlangoni ilipowashwa, mwanao alikuwa chini, mkono wa kulia umekunjika pasipo na kiungo, paji la uso limepasuka. Aliyekuwa amempakata kichwa ni mzee wa filimbi, aliyekuwa akingoja zamu yake pembeni. Alivua shati akalizuia jeraha nalo. Polisi walipofika walimkuta na damu mpaka kwenye ndevu, wakamchukua. Yule mzee halewi, Mama. Hata soda haimalizi.

Chiriku yuko salama kwa rafiki yake. Ameshonwa mdomo, taya limefungwa. Daktari anasema ataimba tena, ila si mwaka huu.

Hospitali nilikwenda siku iliyofuata. Mdogo wangu aliwafukuza wauguzi, akaninong'oneza kwamba ameshawaambia polisi ni mzee wa filimbi. Akasema damu ni damu, nimfichie naye atanifichia. Akacheka kidogo, na meno yake yote yapo.

Nadhani umeshaelewa. Ni mimi, Mama. Nilichukua stendi ya kipaza sauti, ile yenye kitako cha chuma. Pigo la kwanza lilikuwa ili amwachie. La pili ili aliangushe koleo, ndilo lililovunja mkono. La tatu alikuwa ameshaanguka, haniombi wala hanipigi, nami nilimpiga nikitaka afe. Sikuona mdogo wangu pale chini. Nilimwona baba, Mungu amrehemu, siku ile alipokupiga ukatemea damu kwenye beseni, na wewe unajua ipi.

Halafu juzi ulinipigia ukilia. Ulisema mkono uliomvunja mwanao ukauke, na mwenyewe asipate wa kumzika. Ukaningoja. Nikaitikia amina. Niliogopa, nikaitikia amina juu ya mkono wangu mwenyewe, na mzee wa watu yuko mahabusu, sakafuni kwenye saruji.

Kesho asubuhi nakwenda kituoni kusema, ili atoke. Nimeandika leo usije ukasikia kwa watu. Umesema unakuja kumchukua Chiriku umrudishe amuuguze mumewe. Ukiwa na hasira zote na mimi, sawa, lakini hilo usilifanye. Njoo umwone kwanza mdomo wake. Mkae wanawake wawili, na asikuambie lolote, umtazame tu.

Mkubwa ni jalala, ulinifundisha, nami nimemeza mengi. Hili limenishinda kumeza.

Nisalimie shangazi na mwambie redio yake iko tayari, iko kwa mwenye ukumbi. Wasalimie wote wanaoniuliza, na wasioniuliza pia. Laana sikuombi uifute kwa kunihurumia. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, nawe umetuzaa sote wawili; ukija mjini, sijui utaanza kupita wapi, hospitali au kituoni. Popote utakapoanza, sitakulaumu.

Ni mimi mwanao wa kwanza,
Waya