Kiingereza cha Mwenye Nyumba

Mahajanga, Februari 1963

Mama yangu mpenzi,

Kwezi, Mama. Najua umeshaiitikia salamu yangu kwa “mbona” huko Nosy Be, hata kama hukunisikia. Goti lako limepoa? Mdogo wangu Bahia bado anakohoa? Mimi ni mzima, na Mama Mdogo Rabiata ananilisha daku kama mtu anayenenepesha bata.

Uliniuliza masomo ya Kiingereza yanakwendaje. Tunasomea barazani kwa Mwalimu Boinali, ambaye zamani alikuwa karani Unguja. Ametengeneza saa ya kadibodi, na mishale yake ni njiti za kiberiti. Siku ya kwanza aliniuliza kwetu tunakula chakula cha mchana saa ngapi. Mimi, mwenye cheti cha Kifaransa, nikajibu kwa hesabu ya nyumbani: saa sita. Fazul, kijana wa forodhani, akasema kumbe Nosy Be wali huliwa jua likichomoza. Nilicheka pamoja nao, lakini machoni pangu ilikuwapo sinia yako, nawe ukinisogezea upande wenye samaki.

Sasa tumefika kwenye mambo yaliyopita. Kila mmoja hueleza alifanya nini jana. Wenzangu walikwenda sokoni, walivuka ghuba kwenda Katsepy. Mimi nikifungua kinywa unatoka wewe: Mama alikaanga ndizi, Mama alinisuka, Mama aliimba. Juzi mwalimu aliniuliza kwa upole kama mama yangu amefariki. Nikamwambia yu hai, ila niko mbali naye.

Siku nyingine tulitakiwa kueleza tunakaa wapi. Nikasema nina nyumba, mjomba Athoumani amenijengea kwa kuwa mimi ndiye binti wa kwanza, na atakayenioa ataingia humo na sanduku lake. Wanafunzi wasio wa kwetu, wasioijua desturi hii, walistaajabu. Fazul akauliza iwapo nafasi ya sanduku bado ipo. Mwalimu akamnyamazisha, kisha akanigeukia mimi: mwenye nyumba anajifunzia nini Kiingereza? Jibu lake nakupa wewe.

Si kwa ajili ya kazi ya bandarini, kama nilivyokuambia. Niliomba nafasi ya kusomea ukunga Dar es Salaam, na wamenikubali. Tangu jirani yetu Saïda alipotufia mikononi kwa uchungu wa uzazi, wewe ukisoma dua na mimi nisijue la kufanya, sijalala usingizi wa mtu mwenye nyumba.

Najua mjomba ameshapaka chokaa. Najua wanawake watasema binti mkubwa ameukimbia mlango wake. Ufunguo wa nyumba mpe Bahia, binti anayenifuata, na asione aibu kuupokea.

Meli yangu itasimama bandarini kwenu Hell-Ville baada ya Idi, kupakia mafuta ya langilangi. Mama, nakuomba jambo ambalo mtoto hamwombi mama yake: usije gatini. Niombee dua, umtume Bahia na nguo zangu. Najijua. Nikikuona umesimama pale umejitanda shiromani yako, nitashuka, na sitapanda tena.

Lakini tangu kisiwa kitakapoanza kuonekana nitakuwa sitahani, nikikutafuta.

Mjomba Athoumani mfikishie salamu zangu kabla ya habari zangu. Bahia mkumbatie, anywe dawa yake. Nakubusu mkono, na ninaomba radhi yako hata kama itachelewa kufika.

Mwanao,
Hayrat