Kapeti za Baba Mkwe Haziishi Kunuka

Mpendwa mshauri,

Naomba msaada, na kama msaada umekwisha basi nitajie sabuni tu, maana nimefika mahali ambapo sijui tena kama natafuta mke au natafuta namna ya kutoa uvundo kwenye kapeti za gari.

Mimi ni kibarua wa ujenzi, nachanganya zege na kubeba matofali, kwetu ni mbali, tena shule niliiacha mapema, kwa hiyo nikikosea kuandika nivumilie. Msimamizi wetu wa kazi ana binti ambaye ni fundi cherehani, anashona sare za shule katika chumba cha mbele nyumbani kwao, na mimi nilimwona siku niliyotumwa kufuata funguo za stoo ambazo baba yake alizisahau, tukasalimiana, kesho yake nikapeleka suruali ishonwe ingawa haikuwa imechanika sana, wiki iliyofuata nikaipeleka tena na safari hii nilikuwa nimeichana mwenyewe, mpaka tukazoeana, nikiingia ananisogezea kiti karibu na mashine na kuniambia, "Pole na kazi, kaa kwanza upumue." Mshauri, tangu nitoke kwetu hakuna mtu aliyewahi kuniambia nikae nipumue. Nikamwambia nataka kumuoa, akacheka, akakata uzi kwa meno, akasema, "Kaongee na baba, halafu uje tuongee mimi na wewe."

Nikaenda kwa baba. Hakusema ndiyo wala hapana, aliangalia viatu vyangu, akanizungusha nyuma ya nyumba kwenye gari lake. Hilo gari ungeliona mshauri, mlango mmoja unafunguka kwa ndani tu, taa moja imeshikiliwa na gundi, likipanda kilima linakohoa kama mgonjwa, lakini yeye hukaa humo kifua mbele kama amebeba benki. Akachomoa kapeti zote nne za miguuni akanirundikia mikononi. "Anayetaka kumtunza binti yangu, nimwone kwanza akitunza kitu kidogo. Kanioshee hizi. Gari likiacha kunuka, tutaongea."

Basi kila Jumamosi nikitoka kazini nabeba kapeti ndani ya mfuko wa saruji, watu wanadhani nahama. Naoshea kwenye bomba la uani tunapopanga, mama mwenye nyumba anatoka mbio, "Wewe! Hilo tope la watu umelitoa wapi? Bomba hili ni la kupikia, si gereji!" Kamba ya nguo amenikataza kwa sababu kapeti zilidondoshea maji mashuka yake, kwa hiyo nazikausha chumbani kwenye ukingo wa kitanda, na mwenzangu ninayelala naye chumba kimoja, fundi rangi, anageukia ukutani na kusema, "Ndugu yangu, ulituahidi mchumba, mbona umetuletea mbwa aliyenyeshewa?" Yeye ndiye aliyenishauri nizipake mafuta ya kupikia zing'ae, ila bado sijampa jibu. Namwaga sabuni ya unga mpaka povu linafika kwenye viwiko, nasugua mpaka kucha zinauma, na zikikauka zinakuwa ngumu kama samaki wa kukaushwa. Jumapili nazirudisha. Katikati ya wiki mzee ananiita mbele ya vibarua wote, "Mkwe! Gari bado linanuka!" na wote wanakufa kwa kicheko, siku hizi hakuna anayenijua kwa jina, mimi ni Mkwe Kapeti, hata muuza maji ananiita hivyo.

Siku moja, baada ya mvua, nilipokuwa nazipanga nikagusa sakafu ya gari chini ya kiti cha abiria, nikakuta lile zulia lililobandikwa humo limelowa chepechepe. Nikamwambia mzee. Akasema, "Nimekupa kapeti, sijakupa gari. Osha ulichopewa." Nikazilaza kapeti juu yake hivyohivyo, maana nahitaji mke na pia nahitaji kazi.

Sasa juzi binti alinikuta nimepiga magoti kwenye mlango wa gari, akasimama, akaniuliza, "Kwani unanioa mimi au unaoa hili gari?" Nikacheka nikijua ni utani, nikaendelea kunyoosha ile ya dereva. Akasema, "Haya. Siku ukimaliza kuosha utaniambia." Akaingia ndani. Nikafurahi kwamba amekubali kunisubiri, ingawa siku hizi nikipita kile kiti kimewekewa vitambaa na cherehani haisimami. Mama yangu kila akipiga simu anauliza wazee waje lini, na mimi namwambia bado kidogo, na hawezi kujua kwamba kidogo chenyewe ni kapeti.

Mshauri, nitumie sabuni gani?

Wako,
Mkwe Kapeti

*

MSHAURI ANAJIBU

Mkwe Kapeti,

Barua yako nimeisoma nimesimama, nikakaa, nikaisoma tena kwa sababu sikuamini. Umeandika ukurasa mzima juu ya tope, povu na mashuka ya mama mwenye nyumba, halafu mwishoni unaniuliza sabuni. Kaka, sabuni haina kosa.

Nianze na ulichouliza, usije ukasema nimekukwepa. Unaziosha vibaya. Kapeti haimwagiwi maji ikiwa na vumbi lake, hapo unakoroga zege, na zege ndiyo kazi unayoijua. Zipige kwanza ukutani zikiwa kavu mpaka ziache kutoa vumbi, pitisha brashi, ndipo uziloweshe. Sabuni kidogo. Huo ugumu unaousifia ni povu lililobaki ndani kwa sababu hukusuuza. Suuza mpaka maji yatoke meupe, na kwenye maji ya mwisho tia siki kidogo. Kisha zining'inize nje penye upepo, zikauke pande zote mbili, manyoya na mpira. Kitanda si kamba. Mwombe mama mwenye nyumba ruhusa ya ukuta wa nyuma, kwa adabu, na usafishe bomba lake ukimaliza. Na huyo fundi rangi mwambie abaki na rangi zake: kapeti ya dereva ikipakwa mafuta, mguu unateleza kwenye breki, na hapo hutakuwa na baba mkwe wa kumwoshea.

Umeridhika? Sasa nikuambie kwamba hata ukizifuata hatua zote hizo, Jumatano gari litanuka. Sakafu imelowa! Uliigusa kwa mkono wako! Maji ya mvua yanaingia ndani, huenda mpira wa mlango umekwisha, na wewe kila Jumapili unachukua kapeti kavu unazilaza juu ya dimbwi. Mzee ulimwambia, akakujibu uoshe ulichopewa. Mtu anayetaka gari liache kunuka angeinama aangalie. Yeye hakuinama. Sisemi ni mtu mbaya. Labda ni bahili tu wa mpira wa mlango, na amepata kijana wa kumfulia bure, tena anayemchekesha mbele ya vibarua. Kwa nini aharakishe? Gari likiacha kunuka atalazimika kuzungumza na wewe.

Lakini mzee simlaumu kama ninavyokulaumu wewe. Rudi kwenye barua yako uone binti alisema nini. "Kaongee na baba, halafu uje tuongee mimi na wewe." Nionyeshe ni wapi ulirudi mkaongea. Hakuna. Ulitoka kwa baba na mfuko wa saruji begani, na tangu siku hiyo hujakaa kwenye kile kiti. Msichana ana cherehani yake, ana kazi yake na akili zake, alikuachia mlango wazi, nawe ukapitia nyuma ya nyumba kwenda kusalimia gari.

Halafu akaja mwenyewe mpaka pale ulipopiga magoti, akakuuliza unamuoa yeye au gari. Katika barua nzima hilo ndilo swali pekee lenye akili, na wewe ukalicheka, ukanyoosha kapeti. Eti ukafurahi kwamba amekubali kukusubiri! Mtu anayekusubiri hawekei vitambaa kiti chako. Huyo alikuwa anakuaga, Mkwe Kapeti, na wewe ulikuwa unatafuta mikunjo.

Najua umechoka, na najua ukiwa mbali na kwenu mtu akikupa kazi unaona amekupa nafasi. Unamwogopa mzee kwa sababu mkate wako uko mkononi mwake, na hilo sikucheki. Ila pima mwenyewe: kibarua cha zege utakipata jengo lingine. Wa kukuambia ukae upumue umempata mmoja tu.

Fanya hivi. Osha kapeti kwa mara ya mwisho, vizuri, kama nilivyokuelekeza, zikauke kabisa. Zirudishe kwa mzee kazini, Jumamosi inayofuata, mbele ya walewale wanaocheka, na umwambie kwa heshima: "Mzee, kapeti ni safi. Kinachonuka ni sakafu, inaingiza maji. Mimi nimemaliza." Usibishane, usiongeze neno. Akikufukuza kazi, ondoka umenyooka. Akikupa nyingine za kuosha, mwachie mkononi.

Jumapili nenda kwao mikono mitupu. Utajihisi kama umesahau nguo nyumbani, kwa kuwa hujafika pale bila mfuko kwa muda mrefu. Usipite nyuma kwenye gari. Ingia chumba cha mbele, toa vitambaa kwenye kiti, na asipokukataza, kaa. Mwambie: "Uliniuliza swali nikacheka. Nimekuja kulijibu." Kisha mjibu, halafu nyamaza umsikilize, maana siku zote hizi hukumsikiliza. Akisema amekwisha kuchoka nawe, mshukuru kwa kiti na uondoke, na mama yako umwambie ukweli. Akikuambia ubaki, mpigie mama simu kutoka hapohapo.

Na ukiwa bado unaongea ukamsikia mzee akiita kutoka uani, "Mkwe! Kapeti!", usisimame.