Tulipomsamehe Dereva

Nduyangu Salim,

Nakuandikia nikiwa nyumbani kwako. Mkeo Mwanaisha yumo edani, nami nimehamia chumba cha mbele ili yeye na binti yenu Zuhura wasikae peke yao. Duka lako la kanga pale Biashara Street halijafunguliwa tangu tukuzike. Na mlango wa barazani nimeutia komeo, ingawa jua bado halijatua. Nitakueleza sababu.

Dereva wa lile lori lililokugonga Makadara alikuja kwenye hitima yako. Kijana mdogo. Alilia hata akashindwa kula. Mwanaisha akasema kutoka nyuma ya pazia, watu wote wakisikia, "Mwambieni tumemsamehe." Nilijivunia shemeji yangu.

Haikupita wiki, akaja bwana mmoja wa kampuni ya bima. Mpole, sauti ya chini. Alitoa pole, kisha akafungua mkoba. "Mzee, si mlishasamehe? Basi mama atie sahihi hapa tu, maneno yaishe." Nikamwambia mjane wa eda haonani na wanaume. Akatabasamu. "Hata kuniona hana haja. Mpitishie chini ya pazia." Akaiacha karatasi. Tangu hapo huja kila alasiri kuulizia. Juzi aliniuliza kama Zuhura bado asoma madrasa ile ile. Sikuwahi kumwambia kwamba una mtoto.

Na yule muuza kahawa aliyeona lori likikujia, aliyeapa kwamba atatoa ushahidi, siku hizi akiniona huvuka barabara.

Najua ungenicheka. "Mwalimu, nimekuomba maji, wanisomesha kisima!" Lakini hili ulisikize, maana kesi ya kumdai mwenye lori ni yako, uliifungua mwenyewe ukiwa bado hai kitandani, nyonga imevunjika. Mdai akifa, kesi haifi naye siku hiyo. Mahakama yaweza kumruhusu mtu wa familia asimame mahala pa marehemu na kuiendeleza. Ila haingoji milele: mwaka ukipita pasipo mtu kuomba, nayo hufutika. Aliyeruhusiwa itambidi athibitishe kosa lilikuwa la nani, kwa ripoti ya polisi na kwa mashahidi, kisha uliumia kiasi gani, kwa maelezo ya daktari. Ndipo hakimu aamue fidia. Yule bwana ayajua haya yote. Ndiyo maana ataka tukae kimya tu.

Jana nilimweleza Mwanaisha, pazia likiwa kati yetu. Msamaha wa moyoni ni baina yake, dereva na Mungu. Wa karatasi hutufunga midomo sote, na mwenye lori haulizwi neno. Mwanaisha akasema, "Shemeji, yule kijana alisema hitimani mbele ya watu kwamba alimwambia tajiri wake, mwenye lori, breki ni mbovu. Kijana nimemsamehe. Tajiri hajaja kuniomba."

Karatasi niliyokuwa nimempitishia ikarudi chini ya pazia. Haina sahihi.

Sasa hivi kuna mtu ameketi barazani. Hajabisha hodi. Akohoa tu, ili nijue yupo.

Kesho nitamshika Zuhura mkono mpaka mlangoni mwa madrasa, kisha nitakwenda kuomba nisimame mahala pako, Mwanaisha ameridhia. Naogopa, Salim. Sikufichi. Lakini siku karani atakapoita jina lako mahakamani, usishtuke huko uliko. Nitaitika mimi.

Pumzika, nduyangu.