Udongo Uliopanda Kilima

Baba,

Shikamoo. Nimetoka shambani sasa hivi, matope yamenifika magotini, na nimekaa kukuandikia kabla hata sijanawa vizuri. Nikichelewa nitaanza kulia, na leo sitaki kulia. Leo nina furaha, Baba! Kile kipande chetu cha chini, kule mteremkoni, kimepita masika salama.

Ngoja nianze mwanzo, maana kuna jambo sikulisema kwa mtu ulipokuwa hai.

Unayakumbuka majani ya tembo uliyoyapanda kwa mistari kukata mteremko? Mimi ndiye niliyekusumbua tuyang'oe. Nilitaka nafasi ya karoti za kupeleka soko la Mwika. Ulinijibu, "Upendo, hayo majani ndiyo yanayoshika shamba," lakini nikakuchosha kwa maneno mpaka ukakubali. Tukang'oa. Masika ilipopamba moto, siku mbili tu zilitosha. Udongo wote mweusi uliporomoka hadi kwa jirani yetu wa chini, Mzee Elisaria, ukafukia maharage yake yaliyokuwa yameanza kutoa maua. Kwetu ukabaki mwamba mtupu.

Mkasimama mpakani, wazee wawili wenye mvi, mkapigiana kelele.

"Nirudishie udongo wangu!"

"Njoo uuchukue, na maharage yangu yaliyo chini yake unirudishie!"

Sasa hivi naandika nacheka. Siku ile nilijificha nyuma ya zizi la ng'ombe. Tangu hapo hamkusalimiana, hata kanisani kila mmoja alichagua upande wake. Na hukumwambia mtu kwamba wazo la kung'oa majani lilikuwa la binti yako. Ulilibeba peke yako. Ukaondoka nalo.

Tulikuzika hapa hapa kihambani, kati ya migomba na kahawa. Watu walipopita mmoja mmoja kukutupia udongo, Mzee Elisaria akaja na leso iliyofungwa fundo. Akaifungua juu ya kaburi, udongo mweusi ukamwagika. "Haya, ndugu yangu, nimekurudishia," akasema. "Uliobaki ni mwingi, sikuweza kuubeba wote." Watu wakacheka huku machozi yanawatoka. Mimi nilishindwa hata kumtazama.

Wiki tatu baadaye nikakata jani la isale, lile ambalo kwetu ukimpelekea uliyemkosea hawezi kukunyima msamaha. Nikateremka kwake. Nikamwambia yote. Alilipokea jani kwa mikono miwili.

"Nilijua," akasema. "Nilikuona na jembe siku ya kung'oa majani, wewe mbele, baba yako nyuma anasitasita. Nilimngoja baba yako akutaje, niyamalize. Hakukutaja. Kila siku nikazidi kumkasirikia, na kila siku nikazidi kumheshimu."

Baba, nililia pale kama mtoto. Kisha tukanywa chai.

Wakati huo kaka Godlisten alikuwa ameshapata mtu wa kuja kuvunja ule mwamba apate kokoto. Alinipigia kutoka Holili, "Upendo, pale hakuna shamba tena, pana mawe." Nikamwomba anipe masika moja tu. Akaguna, akakubali.

Mzee Elisaria akafunga miti mitatu kama herufi A, akaning'iniza jiwe kwa kamba katikati, tukapima mteremko hatua kwa hatua. Tulipoweka alama tukachimba mitaro ya makinga maji, udongo tukiutupa upande wa juu, tukapanga mawe, tukapanda tena majani ya tembo. Halafu akafanya jambo ambalo ungelipenda sana. Aliitisha msaragambo. Majirani wakaja na majembe, ndoo na viroba, wakachimbua udongo wetu kutoka shambani kwake na kuupandisha kilima! Akina mama wanaimba, vijana wanashindana, sufuria la mtori linachemka pembeni. Sikuwa nimewahi kuona udongo unapanda kilima, Baba. Niliuona siku ile.

Haukutosha, sitakudanganya. Mwingi ulishakwenda mtoni zamani. Nikaongeza samadi na majani makavu ya migomba. Nilipolalamika kwamba mwamba bado unaonekana huku na kule, nikakumbuka ulivyokuwa ukinieleza nikiwa mdogo. Ulisema mlima ulitema moto, mawe yakapoa. Jua likayachoma mchana, baridi ikayabana usiku, yakapasuka. Mvua na mizizi vikayasaga polepole. Majani yakaozea humo, minyoo ikachanganya. "Ndiyo maana babu zetu wakapata pa kupanda mgomba," ukamaliza, ukinipaka udongo puani. Juzi nimeona kwenye ufa mmoja wa ule mwamba kuvu ya kijani, na juu yake jani dogo limejishikiza. Nikatia kidole humo. Kilitoka cheusi.

Masika ya mwaka huu ilikuja kwa hasira. Siku ya tatu, kulipopambazuka, nilikimbia kuteremka bila viatu. Nikamkuta Mzee Elisaria amesimama mpakani na mwavuli uliovunjika, anaangalia maji yanayoingia kwake. Miaka ile yalikuwa mazito kama uji wa ulezi. Safari hii yalikuwa yanapita mepesi, unaona mpaka kokoto chini yake. Juu, makinga maji yamejaa, udongo umetulia. Mzee akatupa mwavuli, akanishika mikono, tukacheza kwenye matope mpaka nikaanguka. Kaka alipopiga simu, "Shamba lipo?" tulijibu wote wawili kwa sauti moja, "Lipo!" Amesema Jumamosi anakuja na miche ya migomba ya mshare.

Kwa hiyo pumzika, Baba. Haika, asante sana kwa kunifichia aibu yangu. Nimeona ilivyokugharimu rafiki, na sitaki mtu mwingine anibebee tena. Nakuahidi hivi: nikikosea, nitakwenda kusema mwenyewe, mapema, wakati wote wanaohusika bado wako hai na wanaweza kusalimiana.

Binti yako,
Upendo