Nyasi za Baba Mdogo

Miembeni, Bukoba
Jumanne jioni

Mama,

Leo mdogo wangu Koku amelala kwa ubavu wa kushoto kwenye kitanda kile kile cha kipimo cha moyo ulicholalia wewe hospitalini. Akapakwa jeli ya baridi kifuani. Nilitaka kutoka nje, akanishika mkono.

Hukuwahi kujua kwamba alijifungua. Mtoto wa kike, amepewa jina lako. Hata kukaa hajaanza, miguu ya Koku ikavimba, akawa halali bila kuegemea mito. Kama wewe. Kwenye kipimo cha kwanza daktari alisema moyo wake unasukuma damu kidogo sana kila unapopiga. Maneno yale yale, Mama.

Unakumbuka tulivyokurudisha nyumbani Kamachumu? Daktari wako alimweleza Baba mdogo peke yake, kwa kuwa ndiye mkubwa wetu tangu Baba afariki: upande wa kushoto wa moyo umechoka, sasa hata wa kulia umelegea, na wengi wenye vipimo hivyo hawaendi mbali. Alimwambia pia kwamba kipimo hakitaji siku. Hilo Baba mdogo hakulisikia. Akapiga simu nyumbani, tukafika tukakuta sebule nzima imetandikwa nyasi mbichi za kupokelea watu wa msiba. Ukasimama mlangoni ukazitazama, ukasema, "Mbona mmeniwahi? Hata chai sijanywa."

Tulicheka huku tunalia. Ukaishi, ukazikanyaga nyasi zile mpaka zikakauka, kahawa ya msimu ule ukaianika mwenyewe. Lakini tangu siku hiyo mpaka unafariki ulilala umeelekea mlangoni, kama mtu anayesubiri wageni.

Ndiyo maana safari hii niliomba Koku aelezwe mwenyewe, kabla ya mtu mwingine yeyote.

Daktari alisimamisha picha kwenye skrini, akachora mstari kuukata moyo, akaufuta, akachora tena. Mimi nilimtazama usoni tu. Simu ikaita, Baba mdogo. Nikaikata. Ikaita tena, nikaikata.

Kisha akamgeuzia Koku skrini. Upande wa kulia unafanya kazi vizuri, alisema, na wa kushoto umepanda kidogo tangu aanze dawa. Wanaopanda mapema hivi mara nyingi huendelea kupanda. Mara nyingi, si mara zote. Dawa asiache, na asibebe mimba nyingine kabla ya kuongea naye. Zaidi ya hapo hakuahidi.

Simu ikaita tena, nikapokea. "Waitu, jamani, wanasemaje huko? Vijana wako tayari na mapanga. Wakate nyasi?"

Koku akaninyang'anya simu, jeli bado kifuani. "Wakate, Baba mdogo. Wakate nyingi, ng'ombe wana njaa."

Nilidhani ni wewe, Mama.

Bado naogopa. Atapimwa tena, na sijui skrini itasema nini. Ila nakuahidi, kila kliniki nitakwenda naye, na hakuna atakayetandika kitu sakafuni kwake wakati anapumua. Mtoto akianza kutembea nitampeleka kwenye migomba yako.

Sasa lala, Mama. Geukia ukutani, hakuna mgeni anayekuja. Na huko uliko, utukumbuke.

Mwanao,
Asimwe