Kwa nini nilicheka jina la Docteur Katungu

Butembo, siku ya posho, kesho ni siku ya Mungu. Mvua ilianza mbele ya misa ya asubuyi na mpaka sasa haijaacha.

Salamu kwenu bote munaosoma hapa. Muko aje? Batoto bazima? Mimi mwili iko nguvu, Mungu asifiwe, lakini moyo haiko muzuri. Leo sikuenda kupokea komunyo. Nilibakia kwenye benchi juu ya kitu nilifanya jana.

Nilicheka.

Kwenye maternité, kule banamama banazaliaka, nafanya kazi ya infirmière, muuguzi, tangu wakati wa rébellion, tuko na munganga mumoja mwanamuke, angali kijana, Docteur Katungu. Miaka mitatu amekuwa anafungua registre zetu za zamani, vitabu vya kuandika kila mama aliyezaa, zile za wakati wa vita, banamama bakikimbia kutoka Manguredjipa na Vuhovi kwa miguu, na mimba zao. Alisoma kila mustari. Alinifuata mpaka kwenye shamba yangu ya maharagi: "Mama Masika, hapa uliandika 'njiani'. Njiani wapi?" Halafu akaandika yote kwa Kifaransa, ikuwe article ya kutuma kwenye gazeti ya banganga. Jina yake ilikuwa ya kwanza. Alinieleza kama jina ya kwanza njo ya mwenye kufanya kazi, na bila hiyo hatapata nafasi ya kuendelea na masomo.

Jana akaileta kwenye mukutano. Médecin chef wetu, mukubwa wa hospitali, Docteur Paluku, akaangalia ukurasa ya kwanza tu, akatosha kalamu yake ya bic.

"Hii ni nini? Paluku nyuma ya Katungu? Tuko Banande hapa, ama hapana? Paluku ni jina ya mutoto mwanaume wa kwanza. Katungu anakuyaka nyuma ya dada zake. Majina yenyewe yamekwisha kujipanga!"

Chumba yote ikapasuka na kicheko. Mutu mumoja akapiga meza: "Chef, mutoto wa kwanza njo anakulaka mbele, hata mbuzi ya ndoa!"

Akakata jina ya Katungu, akaandika yake juu. Docteur Katungu akasema polepole: "Chef, haukufungua hata registre moja."

"Mama Katungu, usikasirike. Tutakuweka kwenye remerciements, kule mwisho kwenye banashukuriaka batu. Mustari muzuri kabisa."

Mama. Hajaolewa, hana mutoto. Banganga banaume banaitwa docteur mpaka kaburini. Yeye, siku ya kumunyanganya kazi yake, akakuwa mama.

Na mimi nilicheka pamoja nabo, mpaka machozi. Kwenye kolidori akaniangalia.

"Hata wewe, Mama Masika?"

Akaenda.

Nimejiuliza usiku muzima juu ya nini nilicheka. Ninafikiri nilikwisha kuzoea. Wakati wa rébellion tulikuwa tunafanya kazi hapahapa, mimi na Zaina, sage-femme, muzalishaji, Muislamu wa kule Beu, upande wa Beni, kaka zake balikuwa baendesha malori. Wino ilikosekana, tukaandika registre na kalamu ya risasi. Kisha akakuya docteur mumoja, sitamutaja, akachukua zile registre akaandika article yake. Akatuambia: "Mutakuwa kwenye remerciements." Mimi nilizania kushukuriwa njo sawa na kuwa mwenye kuandika article! Nilipeleka fotokopi kwa kwaya yetu, nikawasomea: "Tunashukuru bamama bashujaa ba maternité." Bakapiga mikono.

Zaina alisoma mara mbili, akanirudishia.

"Bamama gani? Mutu akitafuta nani alifanya hii kazi, atatukuta wapi?"

Nilimuita mwenye kiburi. Kwa miaka yote hii sijamuomba musamaha.

Leo, kisha misa, nimepita hospitali nikatosha registre moja ya zamani. Nimejaza ile kitabu maisha yangu yote, na leo njo nimeiona. Colonne ya kwanza ni jina ya mwanamuke aliyezaa. Docteur, kama alikuwako, iko ya mwisho, karibu na ukingo wa karatasi. Hata bwana wa yule mama akuwe chef wa kijiji, hatukumuandika mbele hata siku moja. Nani angezaa kwa nafasi yake?

Article itatumwa siku ya kwanza, kesho kutwa, kisha saa sita ya muchana. Asubuyi yake nitafungua hii registre mbele ya Docteur Paluku na mbele ya bote tuliocheka. Nitamuambia: "Chef, Docteur Katungu njo amezaa hii. Wewe umeingia mutoto amekwisha kulia."

Ninaogopa. Nimebakiza kidogo nipumzike kazi, na karatasi zangu zote ni yeye anazitia sahihi. Nimesali rozari nzima, woga iko palepale. Nitaenda nayo vile iko.

Lakini nusu ya mwandiko kwenye hii registre ni ya Zaina, na peke yangu bataniita mama muzee anayetetea binti wake. Zaina, najua batoto bako banakusomeaka hii blogu. Kwanza unisamehe. Halafu, Docteur Katungu alikuya mpaka kwako Beu, mukapita ukurasa kwa ukurasa, siyo? Uniandikie hivyo, mistari mbili inatosha, na uweke jina yako yote vile iko kwenye karta yako ya utambulisho. Nijibu mbio, tafazali, mbele ya siku ya kwanza asubuyi.